Sinema za Kutisha Zatufundisha Kumwogopa Nani?

Twataka kusema habari ya jambo ambalo wengi wataliona kuwa ni mchezo wa watoto, lakini sisi tumeona kwamba si mchezo.

Katika kijiji tunachofundisha yuko bibi mmoja mjane, ambaye nyumba yake i kando ya njia iendayo shuleni. Uani mwake mna mipera mitatu, na kwa miaka mingi ilikuwa desturi yake kuketi kizingitini saa nane mchana, ungo wa mapera mapajani, akiwagawia watoto watokao darasani. Mwaka huu, siku chache baada ya Pasaka, tulipita pale tukakuta ungo umejaa, na mapera ya chini yameanza kuoza. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akatuuliza, "Mwalimu, mapera yangu yana nini mwaka huu? Watoto wakifika hapa hukimbia." Hatukuwa na jibu la kumpa.

Kesho yake tuliwauliza watoto wa darasa la nne. Kwanza walinyamaza wakatazamana. Halafu mmoja akasema kwamba katika kibanda cha video kule sokoni walionyeshwa sinema kutoka Nigeria, na humo ajuza mmoja awapa watoto chakula, nao wakiisha kula huchukuliwa usiku kwenda barazani kwa wachawi. Hakulijua jina la sinema, wala jina la aliyeitengeneza. Tukawaambia kwamba ile ni hadithi tu. Ndipo msichana mmoja, ambaye ni mwerevu kuliko wenzake, akatujibu: "Lakini, Mwalimu, ile ni sinema ya dini. Mwishoni yuko mhubiri anayeomba. Itakuwaje uongo?"

Neno hili la mwisho ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Wako wazee watakaosema kwamba dawa yake ni moja tu, kukataza sinema zote. Sisi hatuoni hivyo. Kisu hukata muhogo, na kisu hicho hicho hukata kidole. Hatutupi visu, bali twamfundisha mtoto jinsi ya kukishika. Wala hofu yenyewe si kitu kibaya. Babu zetu walitusimulia habari za zimwi tulipokuwa wadogo, tukatetemeka, na kwa kutetemeka huko tukajua kwamba si vema kutembea porini usiku. Dini nayo yasema wazi kwamba dhambi ina malipo, na hilo ni jambo la kuogopwa. Basi swali letu si kama sinema inatisha au haitishi. Swali letu ni hili: ikiisha kututisha, hofu ile yaelekea wapi? Yatuelekeza kuitazama mioyo yetu, ama yatuelekeza kumtazama jirani?

Ili tusiseme maneno matupu, tumetazama kwa uangalifu sinema tatu za namna hii, mbili za Nigeria na moja ya Marekani. Zote tatu zatisha, zote tatu zachota katika mambo ya dini ya Kikristo, na zote zilitengenezwa na watu wasiotumwa na serikali wala na makampuni makubwa ya sinema.

Kwanza yafaa msomaji ajue sinema hizi za Nigeria zilizaliwaje. Zamani kupiga sinema kulihitaji filamu za gharama kubwa zilizotoka ng'ambo. Fedha ya Nigeria iliposhuka thamani katika miaka ya 1980, waliokuwa wakipiga sinema kwa njia hiyo hawakuweza tena. Tena watu wa mijini waliogopa kutoka usiku kwa sababu ya wanyang'anyi, hata nyumba za sinema zikakosa watazamaji. Lakini kamera za video zilikuwa zimefika, na mtu aliyekuwa na fedha kidogo aliweza kupiga mchezo kwa kanda na kuiuza sokoni kama mtu auzavyo vitambaa. Huko Ghana, mwaka 1987, William Akuffo alitoa mchezo wa kanda uitwao Zinabu, habari ya mwanamke mchawi. Nigeria kwenyewe, Mike Bamiloye alikuwa ameanzisha mwaka 1985 kundi la Mount Zion, ambalo kazi yake ilikuwa kuhubiri kwa michezo ya kuigiza, na baadaye kundi hilo nalo likaingia katika kanda za video.

Sinema iliyofungua mlango hasa ni Living in Bondage, yaani Kuishi Utumwani, iliyotoka mwaka 1992. Aliyetoa fedha zake ni Kenneth Nnebue, mfanya biashara wa kanda. Husimuliwa kwamba alikuwa na kanda tupu nyingi alizoagiza kutoka ng'ambo, akafikiri kwamba zingeuzika upesi kama zingekuwa na kitu ndani yake. Mwongozaji wake ni Chris Obi Rapu, ambaye jina aliloandika katika kanda ni Vic Mordi. Mchezo wenyewe wasemwa kwa Kiigbo. Sehemu ya pili ilifuata mwaka 1993.

Habari yake ni hii. Andy Okeke, aliyechezwa na Kenneth Okonkwo, ni kijana mwenye mke mwema aitwaye Merit. Hana fedha. Kazi hazimkai, na kila atembeapo aona wenzake aliosoma nao wamepanda motokaa nzuri. Rafiki yake Paulo, ambaye ni tajiri, amwonyesha njia: yako makutano ya siri ya watu wanaomtumikia Shetani, na atakaye kuingia lazima atoe kafara ya mtu ampendaye kuliko wote, naye ni mke wake. Andy ashtuka. Ajaribu kudanganya kwa kumpeleka kahaba mmoja, Tina, badala ya mkewe. Lakini Tina alitaja jina la Yesu mahali pale, wasiweze kumtumia, akaokoka. Mwisho Andy amtoa Merit. Merit afa, na Andy apata utajiri. Tangu hapo mzimu wa Merit humtokea. Wamtokea hata siku ya arusi yake na mke mwingine, mbele ya wageni wote, wala hakuna auonaye ila yeye. Mali yampotea, akili zamwacha, ala takataka njiani kama mwenda wazimu. Na anayemwokota mwishowe ni yule Tina, ambaye sasa ameokoka. Ampeleka kanisani, naye akiri dhambi yake mbele ya watu, akapona.

Sasa twaulize, ni nini kilicho chema katika sinema hii? Kwa mitambo si kitu kikubwa. Sauti mara nyingine hazisikiki vizuri, taa ni hafifu, na mazungumzo ya sebuleni ni marefu mno. Lakini sisi twaona kwamba Nnebue na wenzake walijua jambo moja kuu kuhusu kutisha watu: walijua kwamba kinachotisha zaidi si mzimu, bali ni hatua ndogo ndogo anazokwenda mtu kabla ya mzimu kutokea. Andy si zimwi. Twamwona akihuzunika, twamhurumia, na wengi wetu tumepata kuona haya kama yake mbele ya wenzetu waliotajirika. Twamwona akikataa, akisitasita, akitafuta hila ya kumwokoa mkewe huku akimtoa mtu mwingine, kana kwamba roho ya kahaba si roho. Jambo hilo latuuma, kwa kuwa hata sisi huenda tungefikiri hivyo. Na Mungu, katika hadithi hii, amtumia nani kumwokoa mwuaji? Yeye yule aliyedharauliwa. Mtunzi aliyepanga hivyo aliielewa dini yake.

Tena mzimu wa Merit hauonekani kwa mwingine yeyote. Kwa nini? Kwa sababu ni dhamiri ya Andy yenye mwili. Mtazamaji hatoki hapo akisema, "Kijijini kwetu kuna mizimu." Atoka akijiuliza, "Mimi ningetoa nini nipate motokaa?" Wahenga wamesema, tamaa mbele, mauti nyuma, na sinema hii ni methali hiyo iliyopewa uso na sauti.

Hata hivyo tusiisifu kupita kiasi. Iko dosari moja ambayo imerithiwa na sinema nyingi zilizoifuata. Utajiri wa Shetani waonyeshwa kwa kupendeza mno. Kamera yakaa sana juu ya motokaa, juu ya mavazi, juu ya nyumba kubwa. Nayo yakaa kidogo tu juu ya toba. Kijana asiye na kazi aweza kuitazama saa tatu akitamani, na dakika chache tu akitubu. Kadhalika Merit hapewi kazi nyingine ila kuvumilia, kufa na kutisha. Twajua kwamba alikuwa mwema, lakini hatumjui sana kama mtu.

Sinema ya pili ni End of the Wicked, yaani Mwisho wa Waovu, iliyotoka mwaka 1999. Mwongozaji wake ni Teco Benson, na aliyeitunga ni Helen Ukpabio, mhubiri wa kike na mwanzilishi wa kanisa liitwalo Liberty Gospel. Yeye mwenyewe yumo katika mchezo. Hapa twaonyeshwa baraza la usiku, Beelzebuli ameketi kama mfalme, na wachawi wenye nyuso zilizopakwa rangi wamemzunguka wakimletea habari za maovu waliyotenda. Mmoja wao ni mama mzazi wa bwana mmoja mwenye mke na watoto. Mchana ni nyanya wa nyumbani. Usiku ni mharibifu wa nyumba ile ile. Watoto wadogo nao wachukuliwa barazani usiku, wafundishwa kuwadhuru wazazi wao waliolala. Maafa yaiangukia nyumba, hata mwisho mambo yafichuliwa kwa maombi.

Kwa upande wa kutisha tu, sinema hii ina nguvu. Walioitengeneza walikuwa na mitambo duni, lakini kwa moshi, rangi, taa na sauti walitengeneza kuzimu ambayo haitoki upesi katika macho ya mtu. Wala hatukatai kwamba nia ya mtunzi huenda ilikuwa kuhubiri. Lakini hebu tuulize swali letu lile lile: hofu hii yaelekea wapi?

Katika sinema ya kwanza tulimwona mtu akichagua uovu. Tulikuwa mashahidi, twaweza kumhukumu, kwa kuwa tulimwona akisikia onyo na kulipuuza. Katika sinema hii ya pili uovu umefichwa ndani ya mtu mwingine, mahali ambapo hakuna awezaye kuuona kwa macho. Mume hauoni, mke hauoni, walimu hawauoni. Ila kamera tu ndiyo iuonayo. Kamera yaingia usiku katika baraza la mashetani kama mtu aingiavyo dukani, yarudi na kutuambia, "Nimeona." Nasi twasahau kwamba kamera haikuona kitu ila wachezaji waliopakwa rangi na mwongozaji aliyewaambia wasimame wapi. Kisha taa zawashwa, twarudi nyumbani, na nyumbani yuko mama mkwe, na mtoto alalaye akiweweseka kwa homa. Sinema haikutupa njia yoyote ya kumjua asiye na hatia. Imetupa shaka tu, nayo shaka ikiingia nyumbani haiombi ruhusa ya mwenye nyumba.

Hapo ndipo penye hatari, nayo si ya kubuni. Katika jimbo la Akwa Ibom, kusini mwa Nigeria, watoto wengi walishutumiwa uchawi, wakapigwa, wakafukuzwa makwao wakalala njiani. Mwaka 2008 televisheni ya Uingereza ilionyesha hali yao, na mwaka huo huo jimbo lilitunga sheria iliyofanya kumwita mtoto mchawi kuwa kosa la kuhukumiwa. Nchi ya Kongo ya Kinshasa nayo ilitunga sheria ya kulinda watoto mwaka 2009 yenye katazo kama hilo. Wako waliosema kwamba sinema kama End of the Wicked zilisaidia kueneza hofu ile. Mtunzi wake amekana. Sisi hatuwezi kusema kwamba kanda moja ndiyo iliyowatoa watoto nje. Umaskini, vifo katika nyumba, na ndoa zilizovunjika vimo pia. Twasema hivi tu: nyumba ilipokuwa ikitafuta mtu wa kulaumiwa, sinema ilikuwa imekwisha kuonyesha kidole kielekee wapi.

Mtunzi huyo alipoulizwa habari hizi na gazeti la Marekani mwaka 2010, alitoa jibu ambalo twaliona la maana, wala halifai kudharauliwa. Alisema, kwa ufupi, kwamba watu hawadhani hadithi za mwandishi Mwingereza J. K. Rowling juu ya mtoto mchawi kuwa ni habari za kweli. Mbona za kwake, kwa kuwa yeye ni Mwafrika, zadhaniwa hivyo? Ni kweli kwamba wako watu wa ng'ambo wanaofikiri Mwafrika hawezi kupambanua hadithi na habari. Hiyo ni dharau, nasi twaikataa pamoja naye. Lakini jibu lake lina ufa. Yule mwandishi Mwingereza hapandi mimbarani siku ya Jumapili akifundisha jinsi ya kuwatambua wachawi. Mtunzi wa hadithi asimama mahali pamoja, na mhubiri mahali pengine. Mtu akisimama mahali pote pawili kwa mara moja, asishangae watu wakipokea hadithi yake kama mahubiri. Msichana wetu wa darasa la nne hakukosa akili. Aliambiwa tangu utoto kwamba mhubiri hasemi uongo, akamwona mhubiri ndani ya sinema, akaunganisha. Kosa ni la wakubwa waliochanganya mambo hayo mawili.

Sinema ya tatu yatoka mbali. Jina lake ni The Witch, yaani Mchawi, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2015. Mwongozaji ni Robert Eggers, Mmarekani, na hiyo ilikuwa sinema yake ndefu ya kwanza. Habari yake ni ya Waingereza Wakristo waliohamia Amerika katika miaka ya 1630. Baba mmoja, William, apatana vibaya na wakuu wa kijiji kwa ajili ya dini, afukuzwa, aenda kujenga na jamaa yake kando ya msitu. Mtoto mchanga apotea huku dada yake mkubwa, Thomasin, akicheza naye. Mahindi yaoza. Mdogo wake Thomasin, Caleb, aingia msituni, arudi mgonjwa, afa. Na sasa nyumba nzima yaulizana: nani aliyeleta haya?

Katika hadithi hii mchawi yuko kweli, yuko msituni, nasi twaonyeshwa. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba Eggers ni mtu asiyesadiki uovu. Lakini tazameni ni nini kinachoivunja nyumba. Baba aliuza kikombe cha fedha cha mkewe kwa siri, akanyamaza binti yake aliposhutumiwa kukipoteza. Mama hakuweza kumsamehe binti kwa kupotea kwa mtoto. Wadogo mapacha wasema kwamba dada yao ni mchawi, naye asema kwamba wao ndio. Kila mmoja ajua sala kwa moyo, na hakuna hata mmoja asemaye, "Mimi nimekosa," kabla ya kuchelewa. Mwisho baba afa, mama amrukia binti yake amwue, binti ajiokoa kwa kumwua mama. Msichana yule, ambaye hakuwa mchawi, abaki peke yake. Hana baba, hana mama, hana kijiji. Ndipo Shetani amwita, naye aenda. Watu wa nyumba yake walimwita jina lile hata hakubakiwa na jingine.

Haya ndiyo tuliyotaka kuyaonyesha. Mtengenezaji wa sinema aweza kumweka mchawi mbele ya macho yetu, na bado akatuonya juu ya dhambi ya kushutumiana. Eggers alisoma maandiko ya watu wa zamani zile, na historia yenyewe yamshuhudia. Miaka 60 hivi baadaye, mwaka 1692, mahakama ya Salem katika nchi ile ile iliwahukumu watu kwa ushuhuda wa njozi: mtu alisema ameona kivuli cha jirani kikimsumbua usiku, na mahakama ikakubali. Watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja aligandamizwa kwa mawe hata akafa. Ushuhuda wa namna ile ulipokataliwa, kesi zikavunjika. Basi ile kamera iingiayo katika baraza la mashetani na kurudi ikisema "nimeona," yatofautianaje na ushuhuda wa Salem?

The Witch nayo ina mambo tusiyoyapenda. Haifai hata kidogo kuonyeshwa watoto, kwa damu yake na kwa uchi ulio mwishoni. Tena mlango wa rehema umefungwa kabisa; hayupo Tina wa kumwokota Thomasin. Kwa hilo twaiona Living in Bondage, pamoja na sauti zake mbovu, kuwa imeshika jambo ambalo Mmarekani mwenye mitambo mizuri hakulishika: kwamba mwenye dhambi aweza kurudi.

Labda msomaji atauliza, haya yatuhusu nini sisi wa huku? Yatuhusu sana. Sinema za Nigeria zafika vijijini kwetu, mara nyingi zikiwa na mtu azifasiriaye kwa Kiswahili juu ya sauti za wachezaji, naye huongeza chumvi yake. Na nchi yetu si safi. Katika Usukuma mabibi wazee wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, hali wekundu ule ni wa moshi wa jikoni wa miaka hamsini waliyowapikia watoto na wajukuu. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingine nyuma ya neno hilo limo shamba ambalo vijana walikuwa wakilitamani. Husemwa, kikulacho ki nguoni mwako, na watu wengi huitumia methali hiyo kumtazama ndugu. Lakini kilicho karibu na ngozi yangu kuliko ndugu ni moyo wangu. Andy Okeke hakuliwa na mama mkwe wake.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa wazazi, wazee wa kanisa na walimu wenzetu. Sinema ya kutisha ikiletwa, na hasa ikiitwa ya dini, iulizeni mambo matatu. La kwanza, dhambi inayonionyesha ni yangu ama ni ya jirani? La pili, aliyeshutumiwa apewa nafasi ya kusema, ama amewekwa pale ili achukiwe tu? La tatu, yasema "hii ni hadithi," ama yasema "hivi ndivyo mambo yalivyo nyumbani kwako"? Ikishindwa katika haya, msiwape watoto fedha ya kibanda. Na kama wamekwisha kuitazama, msiwacheke kwa kuogopa. Ketini nao, mwaeleze jinsi rangi inavyopakwa usoni, jinsi moshi unavyotengenezwa, na kwamba yule ajuza wa sinema alipomaliza kazi yake alinawa uso, akalipwa ujira, akaenda kwake.

Nasi tulifanya hivyo. Halafu tukawachukua wanafunzi wa darasa la nne mpaka uani kwa bibi, tukamwamkia, tukala pera mbele yao. Watoto watano walikuja wakachukua. Waliobaki walisimama njiani, na mmoja akasema kwa sauti tuliyoisikia kwamba wao watangoja kesho, waone kama Mwalimu ataamka.

Kesho yake tulifika shuleni kabla ya kengele. Saa nane tulipopita pale, ungo wa bibi ulikuwa umepungua, ijapokuwa haukwisha. Hatujui ni siku ngapi zitapita kabla haujawa mtupu kama zamani. Sinema ile ilichukua saa mbili tu kuujaza.